Nyuki, Maparachichi na Saa ya Kupiga Dawa

Mzee mmoja wa upande wa Katumba alituita shambani kwake tuangalie miparachichi yake. Miti ilikuwa mizuri. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, na samadi ilikuwa imewekwa kila shina. Lakini matunda yalikuwa machache mno. Tawi zima lilikuwa na matunda mawili, mengine halikuwa na hata moja.

"Maua yalijaa mpaka mti ukawa wa njano," mzee alituambia. "Sasa angalieni wenyewe. Hivi nimerogwa?"

Tukamuuliza kama alipiga dawa wakati wa maua. Akasema hapana, yeye hakupiga. Ila jirani yake wa ng'ambo ya kijito alipiga dawa viazi vyake. Siku gani? Siku jua lilipotoka baada ya mvua ya siku tatu. Saa ngapi? Saa nne asubuhi. Jirani alipiga tena wiki iliyofuata, saa ile ile. Halafu mzee akakumbuka jambo. Chini ya mzinga wa gogo ulioning'inizwa kwenye mti karibu na kijito, nyuki walikuwa wamelala chini wamekufa, wengi kama pumba zilizomwagwa. Alidhani ni ugonjwa wao tu.

Basi mzee hakurogwa. Nyuki waliokuwa wakimfanyia kazi walikufa, na kazi ikabaki bila mtu wa kuifanya.

Leo tutaeleza kazi hiyo ya nyuki, na sheria za nchi yetu zinazowahusu nyuki. Maana sheria zipo. Lakini sheria hizo hazikumsaidia mzee wetu, na ni vizuri tujue kwa nini.

NYUKI ANAFANYA NINI KWENYE UA?

Mama yeyote anayechuma majani ya maboga anajua kwamba mboga hiyo ina maua ya aina mbili. Ua moja lina kiboga kidogo nyuma yake. Hilo ni ua la kike. Ua jingine lina kijiti kirefu tu, halina kiboga. Hilo ni la kiume, na ndani yake kuna vumbi la njano linaloitwa chavua. Chavua isipofika kwenye ua la kike, kile kiboga kidogo hunyauka na kuanguka. Nani anaibeba? Upepo hauwezi, kwa sababu chavua ya maboga ni nzito na inanata. Anayeibeba ni nyuki. Yeye anafuata maji matamu ya ua, na chavua humshika kwenye manyoya ya mwili. Akienda ua la pili, anaiacha huko. Hajui kama anatusaidia.

Parachichi nalo lina mambo yake, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu zao hili limeleta fedha Rungwe. Ua la parachichi ni la kike na la kiume pia, lakini si kwa saa moja. Linafunguka mara mbili. Mara ya kwanza linafunguka likiwa la kike, kisha linafunga. Kesho yake linafunguka tena likiwa la kiume na kutoa chavua. Ile aina inayoitwa Hass, ambayo wengi wetu tumepanda kwa ajili ya kuuza nje, huwa ya kike asubuhi, na kesho yake mchana huwa ya kiume. Aina ya Fuerte ni kinyume chake. Huwa ya kike mchana, na ya kiume asubuhi ya kesho yake. Ndiyo maana mabwana shamba wanashauri tuchanganye miti ya Fuerte kidogo katikati ya Hass. Wakati mmoja anataka chavua, mwenzake anayo. Baridi ya huku kwetu huchelewesha saa hizi, lakini mpango ni huo huo.

Sasa fikiri. Chavua iko kwenye mti ule, ua la kike liko kwenye mti huu, na saa za kuonana ni chache. Mti mkubwa mmoja unaweza kutoa maua hadi milioni moja, lakini matunda tunayovuna ni mamia tu. Maua mengine yote huanguka. Kwa hiyo hata nyuki wakiwa wengi, mti hubakiza kidogo. Wasipokuwepo, mambo yanakuwa kama kwa mzee wetu.

Ni kweli kwamba si mazao yote yanamhitaji nyuki. Chai tunachuma majani. Ndizi zetu zinazaa bila chavua. Viazi viko chini ya udongo, na mahindi yanapata chavua kwa upepo. Labda hii ndiyo sababu sisi wa Rungwe tumezoea kusema kwamba mambo ya nyuki ni ya Tabora na Singida. Wazee wetu waliishi kwa ndizi, na nyuki aliwapa asali tu. Lakini leo tumepanda maparachichi na pasheni. Kahawa inaweza kuzaa yenyewe, lakini nyuki wakiitembelea huzaa vizuri zaidi. Shamba limebadilika, na mawazo yetu kuhusu nyuki inafaa yabadilike pia.

Wala si nyuki wa asali peke yake. Wako nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa katika matundu ya miti na kuta. Wako nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Watu huwafukuza, kumbe hao ndio mafundi wa pasheni, kwa kuwa ua la pasheni ni kubwa na nyuki mdogo halifikii vizuri. Wako nzi wa maua, vipepeo na ndege chozi. Na wenzetu wanaolima kakao kule Kyela na Busokelo ya chini wanategemea vijidudu vidogo kabisa, vinavyofanana na usubi. Vijidudu hivyo vinazaliana katika mashina ya migomba yanayooza. Mkulima wa kakao anayefagia shamba lake likawa safi kama sebule anavifukuza mwenyewe.

JUA MOJA, WATU WAWILI

Rungwe ni nchi ya mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu nyingi za Tanzania hazipati hata nusu ya hiyo. Nyuki haruki katika mvua. Katika baridi kali pia haruki, anakaa ndani ya mzinga na wenzake wapate joto. Anangoja jua.

Na mkulima wa viazi naye anangoja jua. Akipiga dawa mvua inanyesha, dawa yote inaoshwa na fedha yake imekwenda na maji. Kwa hiyo jua likitoka baada ya siku tatu za mvua, nyuki anatoka na mkulima anatoka na bomba lake mgongoni. Wote wawili wanafika shambani saa moja. Katika sehemu kavu za nchi wanaweza kupishana. Huku kwetu hali ya hewa yenyewe inawakutanisha.

Lakini nyuki haendi kwenye viazi, si ndiyo? Kweli, haendi sana. Ila dawa inapeperushwa na upepo. Inatua kwenye maua ya maharage, kwenye magugu yenye maua pembeni, na kwenye miparachichi ya jirani. Tena wengi wetu tuna tabia moja. Tunachanganya dawa ya ukungu na dawa ya kuua wadudu katika bomba moja ili tusirudie kazi. Dawa ya ukungu siyo ile ile ya wadudu. Viazi vinaumwa ukungu, wadudu hata hawapo, lakini kwa kuwa tumezoea kuchanganya, tunawapiga wadudu wote, wabaya na wazuri. Hatusemi hivi kwa kumlaumu jirani wa mzee. Sisi wenyewe tumepiga dawa saa nne asubuhi miaka mingi, na hakuna aliyetuambia.

SHERIA ZA NCHI ZINASEMAJE?

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba nyuki ana sheria yake. Anayo. Mwaka 1998 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki, na mwaka 2002 Bunge likatunga Sheria ya Ufugaji Nyuki, Namba 15. Sheria hiyo inahusu ufugaji, mazao ya nyuki, na kuzuia nyuki wa nje wasiingizwe nchini kiholela wakaleta magonjwa. Tena inaruhusu maeneo yatengwe kuwa hifadhi za nyuki, na kijiji nacho kinaweza kutenga hifadhi yake. Katika eneo kama hilo miti na maua ya nyuki hulindwa.

Mwaka huo huo wa 2002 ilitungwa Sheria ya Misitu, Namba 14. Kwetu sheria hii inaonekana kwa macho. Ukiinua kichwa unauona Mlima Rungwe. Msitu wake ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, miaka michache baada ya wataalamu kumtambua humo nyani yule aitwaye kipunji. Watu wengi wanasema mlima ulifungwa kwa ajili ya kipunji. Sawa, lakini nyuki wanaokaa katika matundu ya miti ya msituni wamenufaika pia. Makundi yao hutoka huko na kuja mashambani.

Halafu iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Tumesikia wengi wakilalamika kwamba sheria hii inawanyima shamba zuri la bondeni. Inauma, tunakubali. Lakini wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamevunwa, maua yanabaki kando ya mito. Bila maua hayo, nyuki huhama au hufa njaa, na miparachichi inapochanua hawapo.

Sheria ya nne ni ya dawa zenyewe. Ni Sheria ya Afya ya Mimea, Namba 4 ya mwaka 2020. Ndiyo iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha. Dawa yoyote ya shamba ni lazima iwe imesajiliwa, na muuzaji awe na kibali. Dawa inayouzwa kwa kupimwa katika chupa ya soda, bila kibandiko, si halali. Mnunuzi hawezi kujua kilichomo, wala hawezi kusoma onyo.

Na hapa tusimame kidogo kwenye kibandiko. Wengi wetu tumefundishwa kuangalia ule mstari wa rangi chini ya kibandiko. Nyekundu ni hatari kabisa, inafuata njano, kisha bluu, na kijani ni hatari kidogo. Ni mafundisho mazuri. Lakini rangi hizo zinapima hatari kwa mtu, siyo kwa nyuki. Dawa yenye mstari wa bluu au kijani inaweza kumwacha mpigaji salama na kuua mzinga mzima. Kwa hiyo usiishie kwenye rangi. Soma maneno, utafute palipoandikwa nyuki. Ndiyo faida ya kisomo tulichopata.

Pia tafuta jina la sumu yenyewe, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo. Moja linaloonekana sana madukani ni imidacloprid. Sumu ya aina hii hainyeshewi ikaisha. Inaingia ndani ya mmea, inapanda na maji ya mmea mpaka kwenye ua, na nyuki anaikuta katika chakula chake siku nyingi baada ya bomba kurudishwa nyumbani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza mwaka 2018 sumu hiyo na nyingine mbili za ukoo wake zisitumike katika mashamba ya nje. Tukumbuke kwamba maparachichi yetu mengi yanauzwa huko huko Ulaya, na wanunuzi wa kule hupima mabaki ya dawa kwenye matunda.

Hizo ni sheria nne, na zote ni nzuri. Nzi wa maua na kipepeo hawana sheria yenye jina lao, lakini pale ukingo wa mto au msitu unapolindwa, nao wanapona.

KWA NINI HAZIKUMSAIDIA MZEE?

Turudi Katumba. Jirani alitumia dawa iliyosajiliwa. Aliinunua kwenye duka lenye kibali. Shamba lake liko nje ya mita 60. Hakuingia msitu wa hifadhi. Ukichukua sheria hizo nne na kuzisoma moja moja, ni vigumu kumshtaki. Kosa lake lilikuwa saa. Na sheria ya Bunge haiwezi kujua kwamba miparachichi ya kitongoji fulani imechanua wiki hii, au kwamba jua lilitoka leo saa nne.

Anayejua hayo ni kijiji. Na kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo umeandikwa katika Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982. Vijiji vingi vimeutumia kwa mambo ya mifugo inayozurura, vyoo na uchomaji moto. Kwa nini usitumike kwa saa ya kupiga dawa?

Kazi inakwenda hivi. Halmashauri ya kijiji inaandika mapendekezo. Mapendekezo yanapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa watu wote wazima wa kijiji, wenye miaka 18 na zaidi. Huko yanajadiliwa, na watu wana haki ya kukataa au kubadilisha. Yakikubaliwa, mtendaji anaambatisha muhtasari wa mkutano na kupeleka, kupitia kata, kwenye halmashauri ya wilaya. Walio upande wa Tukuyu wanapeleka Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe. Walio upande wa Lwangwa wanapeleka Busokelo. Halmashauri ikiidhinisha, hapo ndipo inakuwa sheria. Kabla ya hapo ni makubaliano tu, na mtu hawezi kutozwa faini kwa makubaliano. Tunalisema hili kwa sababu viko vijiji vilivyowahi kutoza watu kwa sheria isiyoidhinishwa, na baadaye ikabidi fedha zirudishwe kwa aibu.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa machache. Kwa mfano:

"Katika kipindi cha maua ya parachichi kitakachotangazwa na kamati ya mazingira ya kijiji, ni marufuku kupiga dawa ya kuua wadudu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mtu atakayepiga dawa baada ya saa hizo atamwarifu mwenye mizinga iliyo karibu siku moja kabla. Dawa inayoingia ndani ya mmea haitapigwa kabisa katika kipindi hicho."

Kwa nini saa 12 jioni? Jua likizama nyuki wote wamerudi mzingani. Dawa nyingi zikikauka usiku, asubuhi makali yake yamepungua. Na kwa nini isemwe dawa ya kuua wadudu tu? Ili mwenye viazi vinavyoumwa ukungu asifungwe mikono. Ukungu haungoji jioni, na huku kwetu unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Naye ana watoto wa kulisha. Ila atapiga dawa ya ukungu peke yake, bila kuichanganya. Mkutano ukisahau jambo hilo, wakulima wa viazi watapinga sheria nzima, na watakuwa na haki.

Maswali magumu yatatokea mkutanoni. Mtu atauliza: mvua ikinyesha kila jioni, mimi nipige lini? Ni swali la kweli. Baadhi ya wakulima hupiga alfajiri kabla ya saa 12 na nusu, kukiwa bado na baridi na nyuki hawajatoka. Mkutano unaweza kukubali saa hizo pia. Mwingine atauliza: nani atamwona mpigaji? Bomba lina sauti, na dawa ina harufu. Majirani wanajuana. Mwingine atauliza juu ya kijiji cha ng'ambo ya kijito, ambacho hakina sheria hii. Nyuki huruka kilomita mbili, tatu na zaidi, hajui mpaka. Hapo ni kazi ya kamati ya maendeleo ya kata, ambako wenyeviti wa vijiji vyote hukaa pamoja. Vijiji viwili vyenye kijito kimoja vikipeleka mapendekezo yenye maneno yale yale, hata halmashauri inapata kazi rahisi ya kuyapitia.

Mzee wetu tulimweleza haya yote. Alisikiliza, kisha akasema, "Mimi siwezi kumshtaki jirani. Mkewe ndiye aliyemuuguza mke wangu." Tukamwambia hatakiwi kumshtaki. Jirani naye amepanda miche 30 ya parachichi nyuma ya nyumba, bado haijazaa. Waende wote wawili kwa mwenyekiti, waombe jambo liingizwe katika mkutano ujao. Mikutano mikuu hufanyika kila miezi mitatu. Waende mapema, kabla orodha ya mambo ya kujadiliwa haijafungwa, wakiwa wameandika mapendekezo yao kwenye karatasi kwa mkono wao wenyewe.

Sheria ikishaidhinishwa, nakala ziwe tatu. Moja ikae katika jalada la ofisi ya kijiji. Ya pili ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Ya tatu ibandikwe ndani ya duka la dawa, pale mezani, ambapo kila anayenunua lazima asimame angoje chenji yake.